Koti Ambalo Halikuvuliwa

Mtakaosoma karatasi hizi, nawaomba radhi mapema kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa Makambako, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Shule niliishia darasa la nne. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili, kwa hiyo msidhani nimeandika kwa haraka. Kosa mtakaloliona ni kosa nililolifikiria vizuri.

Ninawaandikia nyinyi wawili, Josia na Melkioni, mliopokea bomba langu la bati la kupazia sauti kwenye sinema ya Bwana Harji. Mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana watu hustaafu wakiwa na mvi, na mimi sijafika hata miaka ishirini na mitano. Lakini daktari wa misheni alinimulika kooni kwa tochi, akasema nikiendelea kupiga kelele sauti yangu haitarudi. Sasa nalima viazi na maharage kwa baba, Kifanya, na viazi havihitaji kuelezwa. Habari za mshahara mtaelezwa na Bwana Harji mwenyewe. Mimi nitasema yale ambayo hatawaambia.

Niliingia kazini kama mfagiaji wa stoo. Bwana Harji alikuwa na duka pale njia panda Makambako, na nyuma ya duka alikuwa na lori, injini ya umeme na mashine ya sinema. Mwendesha lori na mashine alikuwa Baba Sanga, Mkinga wa Matamba, mtu ambaye mnamjua na mtazidi kumjua. Sinema zilikuwa za Kihindi, na wasikilizaji wetu ni watu wa huku, hata Kiswahili wengine wamekipata sokoni. Kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya pazia jeupe na kueleza kwa bomba mambo yanayosemwa. Mtu huyo watu humwita Mdomo. Mdomo aliyekuwapo alipokwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya katani, Bwana Harji alituuliza wafanyakazi, "Nani amesoma?" Nilikuwa peke yangu niliyesoma, nikanyamaza. Baba Sanga akaninyooshea kidole.

Mimi kanisani nilikuwa nafungua mdomo tu wakati wa nyimbo, sauti haitoki, ili jirani asinisikie. Fikirini siku yangu ya kwanza. Ukumbi ulikuwa ghala la mahindi Njombe, saa tisa alasiri, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mkanda wa kwanza ukaanza, ukaisha, mimi sijasema neno. Watu wakaanza kunitupia magunzi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mdomo umeshonwa!" Baba Sanga akaja kunong'ona, ananuka mafuta ya injini: "Yeremia, usiwatazame wote. Mtafute mmoja anayetafuna, umwambie huyo. Anayetafuna hana hasira." Nikampata mama mmoja anayetafuna muwa. Nikamwambia yeye habari yote, kijana ni nani na baba yake amekataa nini, na ghala zima likasikia. Mpaka leo nawashukuru watu wanaokuja sinema na muwa.

Sasa mtauliza, Kihindi nilikijulia wapi? Sikukijua. Hapo ndipo panapoanza kazi yenyewe.

Yule mama mzee mnayemwona nyuma ya kaunta amejifunika shali ya kijivu ni Bi Jamna, mama yake Bwana Harji. Watu humwita Mama Mzee. Wakati naanza, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mkanda mpya ulipofika kwa basi la kutoka Iringa, kabla ya kuupeleka popote, Baba Sanga aliuonyesha stoo, mchana, mlango umefungwa. Mama Mzee alikaa kwenye gunia la chumvi, anamenya vitunguu saumu, mimi nikakaa chini miguuni pake. Yeye aliyasikia maneno, akanigeuzia kwa Kiswahili. Mimi niliiona picha, nikamwambia yanayoonekana. Tulikuwa kama watu wawili wanaobeba kikapu kimoja, kila mtu kashika upande wake.

Maneno hayakumshughulisha sana. Kila mara aliniuliza swali moja.

"Mikono?"

Maana yake, mikono ya anayesema inafanya nini. Mara ya kwanza nilishangaa. Nikamwambia, "Mama, yule bwana anasema anampenda sana mkewe." Akajibu, "Hilo nimesikia mimi. Maneno yameandikwa na karani, anakaa mezani, anakunywa chai. Mikono yake inafanya nini?" Nikatazama. Yule bwana alikuwa anajitengeneza nywele. Nikamwambia. Akacheka mpaka kitunguu kikamponyoka.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: usitie sukari. Kilichopo kwenye pazia ndicho unachosema. Yule Mdomo wa zamani alikuwa na tabia ya kuongeza vita na majoka, na Mama Mzee alikuwa amemkataza kukaa naye stoo.

Niwape na mambo madogo kabla sijasahau. Bomba lifungwe kitambaa mahali pa mdomo, maana asubuhi za Juni bati litawachubua midomo. Mchukue asali kidogo, lakini msinywe maji baridi. Wazee wa kanisa wakikaa mbele na wacheza ngoma wakatokea kwenye pazia wamevaa nguo fupi, msieleze chochote, kohoeni tu. Wazee watawashukuru na hawataondoka. Mtu aliyelewa ulanzi akianza kujibizana na pazia, msimtoe. Mara nyingi anaeleza vizuri kuliko nyinyi.

Nilifanya hivyo miaka mitatu, kisha ikaja habari ya ile sinema kubwa.

Bwana Harji alipata kwanza picha za ukutani za sinema hiyo. Ilikuwa ya rangi, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sisi hatukuwa tumepata. Kwenye karatasi paliandikwa juu ya majumba ya marumaru na farasi weupe, na katikati walikuwa kijana na binti wanatazamana. Ndugu yake Mama Mzee aliyeko Dar es Salaam alimwandikia kwamba hajawahi kuona mapenzi kama yale. Mwaka mzima tuliingoja. Mikanda ilikuwa inazunguka miji mikubwa, sisi tukawa wa mwisho.

Mwaka ule ule macho ya Mama Mzee yalikuwa yanafunga. Mwanzo wa mvua aliniona sura. Mwisho wa mvua alibaki anaona mwanga na rangi, nyekundu hasa. Siku moja stoo akaniambia, polepole, kwa namna mtu anavyosema bei, "Yeremia, hii ya rangi ndiyo yangu ya mwisho. Baada ya hapo nitakuwa nasikia redio tu. Basi nataka iwe ya watu wanaopendana kweli. Utanitazamia vizuri?"

"Nitakutazamia, Mama."

Nami nikafanya jambo ambalo nawakataza. Nilipozunguka na lori kuitangaza, toka Makambako hadi Njombe, nikashuka mpaka Mlangali, nilisema kwa bomba, "Njooni na vitambaa vya kufutia macho! Mtalia!" Sikuwa nimeiona. Niliahidi machozi ya sinema ambayo sikuijua.

Mikanda ikafika siku yenyewe ya kuonyesha, asubuhi, maana basi lilikwama njiani kwenye matope. Hapakuwa na nafasi ya kukaa stoo. Bwana Harji akasema, "Tunakwenda Njombe hivyo hivyo. Mama atakuja kwenye lori, atakaa karibu na wewe, atakugeuzia hapo hapo." Baba Sanga alitikisa kichwa. Alisema kupika chakula mbele ya wageni ni jambo moja, lakini kukiwinda mbele yao ni jingine.

Ghala lilijaa mpaka juu ya magunia. Watu walikuja na mablanketi, maana ulikuwa mwezi wa baridi. Mama Mzee alikaa kwenye kiti karibu na pazia kabisa, uso umeelekea kwenye mwanga, shali yake mpya. Nilikuwa na bomba mkono mmoja, na sikio langu liko mdomoni kwake.

Rangi zilipotokea ghala lote lilisema "Eee!" kwa pamoja. Mama Mzee alinishika mkono. "Nyekundu," alisema. "Ile pale nyekundu naiona."

"Ni gauni la binti, Mama. Anashuka ngazi. Ngazi za marumaru."

Akashuka ngazi. Akashuka sana. Nadhani muwa mmoja uliisha kabla hajafika chini. Kijana alikuwa anangoja chini na farasi, naye alikuwa mzuri kama sabuni mpya. Wakasema maneno. Mama Mzee alinigeuzia: anasema wewe ni mwezi wangu, anasema bila wewe mimi ni mto mkavu. Nikayapeleka kwa bomba. Watu wakangoja. Tukaingia bustanini, maji yanaruka juu. Binti kavaa nguo nyingine. Tukaingia jumba jingine, nguo nyingine. Kijana akasema tena juu ya mwezi.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Mdomo, huyu binti nguo hizi anazifua nani?"

Watu wakacheka. Mwanamume akamjibu, "Acha wivu, mama. Wewe una mbili na zote umezivaa leo."

"Na huyo kijana kazi yake nini?" mama yule akaendelea. "Anakula wapi? Mama yake anajua?"

 Katika kazi hii, ukiulizwa swali na watu, jibu huwa lipo kwenye mkanda, unangoja kidogo tu. Pale nilingoja, na kwenye mkanda palitokea tausi.

"Mikono?" akauliza Mama Mzee.

Nikatazama. Mikono ya kijana ilikuwa mfukoni.

"Mfukoni, Mama. Labda bado."

"Bado," akakubali. Uso wake ulikuwa bado juu, kwenye mwanga. Mkanda wa pili, wa tatu. Kila mara "Mikono?" na mikono ilikuwa inashika ua, inashika hatamu, inajishika kifuani. Sikuona hata mara moja ikifanya jambo kwa ajili ya mwenzake. Nikaona midomo ya Mama Mzee inaanza kubana. Nilijua ile ni sinema yake ya mwisho, na kila picha inayopita ni picha iliyokwisha.

Ndipo wakaagana, sijui kwa sababu gani, baba mmoja alikuwa amekasirika. Kijana akasema maneno marefu, sauti inatetemeka. Mama Mzee akasogea mbele. "Mikono, Yeremia? Uso?"

Nikasema, "Analia, Mama. Machozi mengi. Amemshika mikono yote miwili, hataki kuiachia."

Mama Mzee akatoa pumzi. Akafuta jicho kwa ncha ya shali. Jambo lingeishia kwetu wawili, lakini bomba lilikuwa karibu na mdomo wangu na sauti yangu ilikuwa imeshazoea kutoka. Ghala zima lilisikia.

"Analia wapi?" mtu akapiga kelele. "Macho makavu kama jiwe la kusagia!"

"Kashika nini? Kashika fimbo!"

"Mdomo muongo!"

Mama Mzee aligeuza uso, akaniacha mimi, akawaelekea watu.  Akauondoa mkono wake juu ya mkono wangu, akauweka magotini kwake.

Kisha ukaja mkanda wa mwisho, na ule wimbo ambao mmeusikia watu wa Njombe wakiutania mpaka leo. Sasa wako mlimani. Kila kitu cheupe, miti, mawe, njia. Baba Sanga alitoa kichwa nyuma ya mashine akasema, "Huo ni umande ulioganda! Kama wetu wa Matamba!" Na pale katikati ya weupe ule binti amevaa kitambaa chepesi kama chandarua, mabega nje, miguu nje, anacheza. Kijana ana koti la sufu hadi magotini, skafu shingoni, glavu, na kofia. Anaimba kwamba atakufa kwa ajili yake.

Nyinyi mnawajua watu wetu. Mtu wa pwani angeona wimbo. Sisi tulikuwa tumejifunga mablanketi, pua zinatoka maji. Ndipo yule mama wa kuuliza nguo akasema, si kwa nguvu, kama anavyomwambia mwanawe nyumbani:

"Mpe koti."

Kijana akazunguka mti akiimba.

"We kijana! Mpe mwenzio koti!"

"Mpe hata skafu!" 

"Mpe glavu moja!"

Mara ghala zima likawa linaimba jambo lao juu ya ule wimbo, wanapiga magunia kwa mikono, mpe koti, mpe koti, wazee wa kanisa wamo. Walikuwa wanacheka, lakini wengine walikuwa wamekasirika kweli. Mwanamume mmoja alisimama, akavua lake.

Mama Mzee akauliza, "Wanasema nini? Koti gani?"

Nilishusha bomba, nikaliweka chini kabisa. Nikamwambia yote. Weupe, kitambaa, mabega. Koti refu la sufu, vifungo vyote vimefungwa. Nikamwambia binti anatetemeka, na hilo halikuwa kwenye mchezo, nadhani yule mwigizaji mwenyewe alikuwa anasikia baridi.

"Na yeye anaimba atakufa."

"Ndiyo, Mama."

"Na koti?"

"Hajalivua."

Wimbo ulikuwa mrefu. Alingoja mpaka sauti ya mwisho. "Hata sasa?"

"Hata sasa, Mama. Imekwisha."

Kwenye lori tulirudi watatu mbele, Baba Sanga anaendesha, jua bado liko juu ya miti ya miwati. Tukavuka mto. Kisha Mama Mzee akaanza, anatazama mbele kama vile anaona barabara.

"Nilipokuja Makambako nilikuwa binti. Nyumba ya mabati, upepo unaingia huku unatoka huku. Blanketi lilikuwa moja. Mume wangu alinifunika, yeye akalala ndani ya magunia ya chumvi. Asubuhi alikuwa na chumvi masikioni. Miaka ishirini na nane nimekaa naye, hajaniita mwezi. Hajaniita hata jina. Aliniita 'sikia'. Sikia, chai. Sikia, mvua inakuja." Akanigeuzia uso. "Kwa nini ulitia sukari?"

"Nilitaka ufurahi, Mama. Ulisema ni ya mwisho."

"Macho yangu haya yamekufa," alisema. "Nimebaki na yako. Ukiniharibia na hayo, nitatazama na nini?"

Baba Sanga alibadilisha gia, na sidhani palikuwa na haja.   Tulipofika nyumbani nilimshika mkono kumteremsha, akakubali kushikwa, lakini akasema tu, "Asante, kijana." Siku zote alikuwa ananiita Yeremia.

Kesho yake tulionyesha Makambako. Kabla mashine haijaanza nilisimama mbele, na mara hii sikumtafuta anayetafuna, niliwatazama wote. Nikawasalimu kwa Kibena, "Kamwene. Niliwaambia mtalia. Nilisema kitu nisichokijua. Humu mna nguo nzuri, na maji, na farasi. Mtu wa kumlilia sikumwona." Bwana Harji alikuja mbio kutoka mlangoni. "Unafukuza watu!" Hakuna aliyeondoka. Habari za koti zilikuwa zimefika kabla yetu, na walikuja wamejiandaa. Walipiga kelele mpaka mabati yakalia. Bwana Harji alikasirika siku mbili, kisha akaomba mikanda ikae wiki nyingine.

Mama Mzee hakuja. Wiki nzima alikaa kaunta, hakuniuliza chochote. Ilikuwa wiki mbaya kuliko siku ile ya magunzi.

Siku ya kurudisha mikanda kwenye basi, nilikwenda stoo nikapekua sanduku la chini, nikatoa sinema moja nyeusi na nyeupe, imekatika na kuungwa mara nyingi hata watu wanaruka kutoka mlangoni hadi kitandani bila kutembea. Baba Sanga akaifunga kwenye mashine bila kuniuliza. Nikamwita Mama Mzee. Akaja, akakaa kwenye gunia lake, vitunguu mkononi. Rangi haikuwapo ya kuona, nilimwambia hivyo. Akasema, "Anza."

Ilikuwa habari ya fundi viatu na mkewe, chumba kimoja, mvua. Mahali fulani wanakula. Sauti ilikuwa imekatika hapo, kwa hiyo hata yeye hakuwa na cha kunipa.

"Mikono?" akauliza. Sauti ndogo.

Nikatazama kwa muda kabla ya kusema. "Amemega chapati, Mama. Nusu amekula. Nusu amemsogezea mkewe, amejipapasa tumbo, kama ameshiba."

"Ameshiba?"

"Hapana. Vidole vinatetemeka. Mke hajaviona."

Kisu chake kilisimama kwenye kitunguu. Alikaa hivyo, na mashine inalia. "Haya, Yeremia," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho. Ile nyingine usiihesabu."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka miwili zaidi, na yeye aliendelea kuja stoo kunigeuzia maneno, ingawa hata mwanga haoni sasa. Nanyi atawafanyia hivyo mkimwomba kwa adabu na mkikaa chini. Atawauliza swali lake. Mkiona mikono mfukoni, semeni mfukoni. Itawauma kumwambia, hasa siku ambayo amevaa shali mpya.

Nanyi niandikieni. Barua zipelekeni shule ya Kifanya, mwalimu atanipa, na msiogope mwandiko, mmeshauona wangu. Niambieni kama Baba Sanga bado anabishana na injini, na kama Mama Mzee bado anamenya vitunguu. Niambieni pia mikanda inayokuja sasa ikoje. Huku Kifanya asubuhi baridi ni kali, nikipita na jembe watoto hunipigia kelele "Mpe koti!" bila kujua ilikotoka. Siku mtakapomwona mtu kwenye pazia amevua koti lake, niandikieni siku hiyo hiyo, halafu mwambieni na Mama Mzee.